Sura ya Saba

Kihanga, Jumatano

Ningekifunga tu kile kitabu, nikasema macho yamechoka.

Gaspari haoni tena, na daktari amewaambia wanawe wamrudishe nyumbani. Wiki hii ninamsomea maisha ya nahodha wetu, aliyoyaandika mwenyewe. Alichezea timu moja tu, ya mji ule tulioukimbia mimi na Gaspari tukiwa vijana.

"Sisi tulihama, Mwalimu," husema kila siku, akitafuna buni kavu za kahawa, kama ilivyo desturi ya huku. "Yule alitubakia kule."

Leo tulifika sura ya saba. Nahodha anaeleza wazi kwamba aliomba kuondoka mara tatu, viongozi wakamkatalia, naye akaichukia ile jezi.

Sikuweza kuyatamka. Nikasoma ya kwangu: kwamba alitakiwa na timu kubwa, akakataa kwa sababu ya mashabiki.

Gaspari akatabasamu. "Rudia hapo."

Nikarudia, na kwa ujinga wangu nikaongeza kwamba mama yake alimsihi asiondoke.

Akaacha kutafuna. "Mama yake alikufa sura ya pili, Mwalimu."

Nje mkewe alikuwa akimenya ndizi.

"Aliomba kuondoka?"

"Mara tatu."

Akatema ganda la kahawa kiganjani, akalishika muda mrefu. "Basi kule hatuna mtu," akasema, akageukia ukutani.

Kitabu kiko hapa mezani. Zimebaki sura nne. Nilipoaga, hakuniambia nirudi kesho.