Mpango wa Mabomba na Mwezi wa Idd

Chang'ombe, 28 Januari 1996

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mie mzima, saumu ninaiweza, ila kila nikifuturu naukumbuka uji wako. Bibi harusi wetu Munira hajambo? Mwambie dada yake anakuja.

Mama, karakana yetu imenunua kompyuta! Zamani nilichora kila bomba kwa mkono. Sasa naiambia programu bomba lipite wapi, inachora kila kipande kikatwe vipi, kisha inapanga fundi gani afanye kazi gani siku gani. Bosi anataka mabomba ya kiwanda cha sabuni yaishe kabla ya Idd, la sivyo hakuna ruhusa. Programu imeniuliza tarehe ya sikukuu ili isimpangie mtu kazi. Nimeijaza 21 Februari.

Mwanao, Nusaiba

Tanga, 4 Februari 1996

Mwanangu Nusaiba,

Marahaba. Sie wazima, mguu wangu tu ndio una maneno.

Lakini we mtoto, nani kakwambia ni tarehe 21? Mwezi umeuona wewe au hiyo kompyuta? Ndoa ya mdogo wako ni siku ya Idd yenyewe, na mwezi unaweza kuandama siku moja kabla. Munira kaapa hatoki chumbani bila wewe. Mie sina nguvu za kuwabembeleza yeye na bwana harusi pamoja.

Mama yako

Chang'ombe, 12 Februari 1996

Mama,

Shikamoo, na pole ya mguu.

Nimeieleza mashine, haisikii. Inataka tarehe moja tu, hakuna pa kuandika "mwezi ukiandama". Usihofu, tunamaliza tarehe 20 mchana, napanda basi. Niombee mwezi uchelewe.

Mwanao, Nusaiba

Tanga, 27 Februari 1996

Mwanangu,

Umefika salama? Nyumba imepoa tangu uondoke.

Majirani hawachoki kunisikiliza. Nawaambia, redio ikatangaza mwezi tarehe 19, mwanangu akabaki analia mbele ya kompyuta, kazi ya siku nzima haijaguswa. Ndipo yule fundi wa Moshi, Elibariki, akamwambia, "Sista, futa majina yenu nyie wa Idd, weka langu kila mahali. Nenda kamwoze mdogo wako." Nilipokuona mlangoni mchana ule, nilisahau kama nina mguu. Munira naye alilia hadi wanja ukabidi upakwe upya. Huyo Elibariki namwombea kila sala.

Mama yako

Chang'ombe, 8 Desemba 1996

Mama,

Shikamoo. Hongereni kwa mtoto wa Munira! Nimeruka hadi kiti kikaanguka.

Ila nina neno gumu. Niliahidi kuja Krismasi kumbeba. Bosi kapokea kazi ya haraka, na mpango wa kompyuta ulimweka Elibariki siku hiyohiyo ya Krismasi. Baba yake anamsubiri Moshi. Nimefuta jina lake, nimeweka langu. Kazi ni kupima mabomba kama yanavuja, hiyo naiweza. Roho inaniuma kwa mtoto. Nisamehe.

Mwanao, Nusaiba

Tanga, 14 Desemba 1996

Mwanangu,

Marahaba. Nikusamehe kwa lipi? Nimesoma nikapiga vigelegele peke yangu.

Krismasi tunapanda basi sote. Arobaini hatutaisubiri, mama mkwe wa Munira kanuna, atanyamaza. Tafuta kivuli hapo karakana, mtoto tunamleta umbebe hapohapo kazini. Na usiwashe mashine zenye kelele, anaitwa Nusaiba, atakuwa amelala.

Mama yako, sasa bibi wa Nusaiba mdogo