Mashine ya Mkate Aliyoletewa Baba

Ghorofani, nyuma ya duka la vitambaa
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Vipi mgongo? Bado unakusumbua kwa kuinua wagonjwa? Na koti la maana umeshapata, au ungali unavaa sweta mbili mbili? Sisi huku wazima. Baba siku hizi fimbo anaishika akitoka nje tu. Mimi nina mafua, na sare za shule nzima zinanisubiri kwenye cherehani.

Umeniuliza kama mashine ya kuoka mkate nyumbani inafaa kununuliwa, maana umeiona dukani na mkate wa huko umekuchosha. Mdogo wangu, hicho chombo kimenitibua nyongo mwezi mzima. Kaa kitako nikueleze, kwa sababu kaka yetu hatakueleza.

Unajua tangu kiharusi mkono wa kulia wa Baba umekuwa mzito. Mtaalamu wa viungo alimpa mpira wa kubinyabinya kila siku. Baba akautia mpira kwenye droo, akachukua unga. Mtu ameoka mikate miaka arobaini, utampa mpira? Kila asubuhi alikanda donge lake, wa kushoto ukisukuma, wa kulia ukijikokota nyuma. Mkate ulitoka mgumu, umepinda upande. Tuliuchovya kwenye chai mpaka ulegee, tukamsifu.

Sasa kaka yetu, unamjua, huruma yake huja na risiti. Akaingia na boksi, akalitua mezani: “Baba, sasa pumzika. Wewe ni kubonyeza tu.” Hakumwuliza yeye, hakuniuliza mimi ninayekaa naye. Kibaya zaidi, akauchukua ule ubao wa kukandia, ambao Baba alistaafu nao kutoka kiwanda cha mikate, akampa seremala wa hapo chini autengeneze rafu. Eti unajaza jiko! Baba akasema, “Asante, mwanangu.” Basi. Siku zilizofuata akawa anakunywa chai na kurudi kukaa kitandani, mkono wa kulia ameulaza mapajani.

Nisiidhulumu mashine, niliijaribu. Unatia maji, unga, chumvi na hamira ndani ya kopo lake, unafunika, unabonyeza. Chini kuna kijipangaboi cha chuma kinachokanda. Baada ya saa tatu na kitu unatoa mkate mdogo, mlaini kweli, wenye tundu chini pale pangaboi liliponasa. Mara ya pili umeme ulikatika katikati, nikabaki na uji uliochacha. Lakini si hayo yaliyonipandisha hasira. Kilichonipandisha ni kumwona Baba kitandani saa nne asubuhi, amevaa vizuri, hana pa kwenda.

Nikaifunga mashine kwenye kanga, nikaenda nayo mpaka ofisini kwa kaka, pale anapouza bima, nikaitua mezani kwake mbele ya wateja na katibu muhtasi wake.

“Nilitaka Baba apumzike,” akasema, sauti chini.

“Apumzike, kwani amekufa?”

Nilishuka ngazi, nikapitia kwa seremala. Alikuwa ameshakata kipande upande mmoja. Nilimwagia na yeye maneno yake, maskini, hakuwa na kosa. Nikabeba kilichobaki.

Nilifika nyumbani kifua mbele, nikauweka ubao mbele ya Baba. Akaupapasa pale ulipokatwa. Kisha akauliza, “Mashine iko wapi?”

“Nimemrudishia mwenyewe.”

“Nani kakwambia siitaki?”

Mdogo wangu, tangu augue sijamsikia Baba akisema maneno mengi kama siku ile. Yalitoka moja moja, mengine akiyatafuta, na kila nilipotaka kumsaidia neno alininyooshea kidole ninyamaze. Kumbe siku zote hizo kitandani alikuwa anasoma kile kijitabu cha maelezo. Akasema ule ukandaji wa mwanzo, donge likiwa bado gumu, umemshinda. Alitaka mashine imfanyie huo tu, kisha alitoe donge, alikate na kulifinyanga mwenyewe, aoke kwenye oveni. Alikuwa anangoja apate ubao wake.

“Mnakula matofali mnanisifu,” akasema. “Mnadhani na ulimi umepooza? Huyu analeta, huyu ananyang'anya. Mimi niko wapi humu ndani?”

Hasira niliyotoka nayo kwa kaka ilinigeukia mwenyewe, na mpaka leo haijatoka. Nilirudi ofisini kuomba mashine, mbele ya katibu muhtasi yule yule. Kaka akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani, hatukuongea njia nzima. Kuhusu ubao bado hajaomba radhi, nami simwachii.

Baba sasa anaoka. Mikate yake bado imepinda kidogo, lakini inaliwa. Wa kwanza ulioharibika nilimwambia si mzuri, akafurahi kuliko ningeusifu.

Sasa nikugeukie wewe, usidhani umepona. Una baba mwokaji, yuko hai, ana simu, halafu swali la mkate unamwandikia dada yako mshonaji! Najua kwa nini. Neno linamchukua muda kufika, nawe una haraka ya zamu. Hata mimi nilikuwa namkatiza. Mpigie siku yako ya mapumziko. Mwulize kama ununue, uliza unga gani, hamira kiasi gani. Akinyamaza usikate, wala usimmalizie. Subiri.

Nisalimie mwenzako wa chumbani. Wifi na watoto wanakusalimu, shangazi naye anasema umemsahau. Mungu akutunze, akupe nguvu ya kazi, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna.

Tena, simu usinipigie mimi. Piga ya Baba.