Hoja Tatu Dhidi ya Dawa ya Misuli

Jumatatu, 4 Machi
Makala imetoka. "Wagonjwa Si Panya!" — kichwa changu mwenyewe, mhariri hakugusa hata mkato. Nimewachana chanachana wale wa maabara ya hospitali wanaotaka kujaribu dawa mpya kwa wagonjwa wa kudhoofika misuli. Eti inaziba "vipokezi vya purini". Purini! Neno lenyewe linanuka ujanja. Gazeti limekwisha kabla ya saa nne asubuhi.

Jumatano, 6 Machi
Kamati ya maadili imesimamisha jaribio "hadi hoja za mwandishi zijibiwe". Hoja zangu! Zilikuwa tatu, na mbili ni matusi.

Alhamisi, 7 Machi
Nilipita kwa mdogo wangu, fundi cherehani, nijisifu. Siku hizi mkasi anaushika kwa mikono miwili. Shati linamning'inia kama bado liko kwenye hanga. Aliyelipuka ni wifi: jina la mumewe lilikuwa la tisa kwenye orodha ya jaribio! Damu walishamtoa, na kipande cha msuli pajani. Sharti ni mgonjwa aweze kuinua mkono hadi begani. Leo anaweza. Baada ya miezi mitatu je?

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Ungeandika, dada."

Ijumaa, 8 Machi
Nilikwenda maabara — kugombana, nakiri. Daktari, binti mwenye raba miguuni, hakuwa na nafasi ya ugomvi. Alinichorea kwenye bahasha. Seli ya msuli ikipasuka, kemikali ya nishati yake — ndiyo hiyo purini — humwagika nje. Ndani ni chakula. Nje ni yowe. Vipokezi vya purini ni masikio ya seli za jirani: vikisikia yowe, vinaita askari wa mwili. Askari hawaulizi, wanachoma hata seli nzima. Nazo zikipasuka, yowe jipya. Dawa inaziba masikio hayo. Haiponyi! Amelirudia hilo mara tatu. Kwa panya ilipunguza kasi ya ugonjwa. Kwa watu hajui, ndiyo maana anataka kujaribu.

Nikauliza nani hupiga yowe la kwanza.

"Aliyeumia," akasema.

Mimi sikuwa na hata mchubuko.

Jumapili, 10 Machi
Rasimu nne za kujirudi. Ya kwanza inamtukana mwenyekiti wa kamati. Ya pili, mhariri. Kamati inakaa kesho, nami nimeitwa. Matusi nitayafuta, sawa. Lakini hoja ya tatu ni kweli tupu: fomu ya ridhaa ina kurasa kumi na nane na hakuna mgonjwa anayeielewa. Nikiishikilia, itaandikwa upya — miezi mitatu. Nikiinyamazia, mdogo wangu anaingia, na wote wamesaini wasichokijua.

Jumatatu, 11 Machi
Korido ya kamati. Viti vya plastiki, na wagonjwa wa orodha wanasubiri uamuzi. Mdogo wangu kauliza kama bado nina zile hoja tatu. Imebaki moja, nikamwambia, ya fomu. Ulisaini umeelewa?

"Nilielewa pa kusaini."

Wifi akacheka, kisha akaacha.

Mdogo wangu akanipa fomu. "Basi nisomee, dada. Kwa lugha ya watu, si ya gazetini."

Tunasoma. Wagonjwa wawili wamesogeza viti. Ukurasa wa saba: madhara ambayo bado hayajulikani. Mkono wa mdogo wangu umelala gotini. Karani kachungulia mlangoni — ananiita mimi. Mdogo wangu kaburuta kidole hadi kwenye mstari huo.

"Asubiri. Hapa rudia."