Pikapu ya Dar na Mama Mkwe

Shinyanga, Jumamosi, 1996

Milango miwili! Kwenye simu nilimuuliza yule muuzaji wa Dar habari za injini, matairi, hata rangi. Viti sikuuliza. Leo pikapu imeshushwa kwenye treni, ina kiti cha mbele tu.

Na nilishamwahidi mama mkwe kumpeleka hospitali Kolandoto, macho yanamsumbua. Sasa mimi na mkwe wangu tubanane bega kwa bega? Sisi Wasukuma, ambao mkwe hatumgusi wala hatuongei naye ana kwa ana? Bora nitembee uchi sokoni.

Basi shemeji akaendesha, mama yake akakaa mbele. Mimi mwenye gari nikapanda nyuma na kuku wake. Vumbi lote likawa langu.

Njiani nikamsikia akimwambia mwanawe, bila kugeuka: “Mwambie mkwe wangu, akitaka kushuka agonge bodi.”