Jibu la Barua Yako ya Chuoni

Mdogo wangu mpendwa, Fundi,

Pokea salamu zangu na za mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wale mapacha wenu wasiojua kukaa kitako. Sisi hatujambo. Goti la mama linamsumbua asubuhi, ikifika saa nne limeshasahau, naye anakula vizuri na kutugombeza vizuri zaidi. Najua umeshangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Vumilia, sababu utaiona.

Kazini wanafunzi bado wananiita Bi Kimya, na maktaba bado haina viti vya kutosha. Mwezi uliopita mkuu wa chuo alinitia kwenye kamati ya watu wanne: muuguzi wa zahanati, mwalimu wa kompyuta, kiongozi wa wanafunzi na mimi. Tulitakiwa kuchagua programu moja ya simu ya kuwasaidia wanafunzi waliolemewa na mawazo. Muhula uliopita watatu waliondoka bila kuaga mtu, na mshauri tunaye mmoja tu kwa chuo kizima. Nilijiuliza, mimi na mambo ya simu wapi na wapi? Lakini mkubwa akishasema, unachukua kalamu unakwenda.

Tulikutana kwenye chumba cha magazeti. Programu zilikuwa tatu. Mwalimu alitupa akaunti za majaribio, akatuambia tujifanye wanafunzi wenye shida. Alisisitiza tusitumie namba zetu wenyewe, kwa sababu ile ya tatu ilikuwa imeshaunganishwa na mshauri wetu. Yeye alishaipenda ya kwanza, yenye ndege anayepiga mabawa. Ya pili ilikuwa na maswali arobaini kabla ya salamu. Kiongozi wa wanafunzi alisema ukiingia mzima utatoka mgonjwa. Ya tatu ilikuwa ya kijivu tupu, sura yake kama fomu ya kuombea kibali.

Siku hiyo tuliandika kwamba tunaogopa mitihani, na zote tatu zilijibu vizuri. Muuguzi hakuridhika. Alisema tunaandika maneno ya watu wazima waliolala usingizi wao, na kwamba hakuna hata mmoja wetu anayejua mwanafunzi aliyezidiwa anaandikaje. Fundi, mimi nilikuwa najua. Barua yako ya mwaka wako wa pili chuoni bado ninayo, imo ndani ya ile kamusi nene, miaka kumi na miwili sasa.

Kikao kilichofuata nilikuja nayo kwenye mkoba. Nenosiri la majaribio nilikuwa nimelisahau, mimi ninayewafokea watoto wa watu kwa kupoteza kadi za maktaba, na nikaona aibu kuuliza. Nikaingia kwa namba yangu. Nikaandika ulivyoandika wewe: kwamba unakaa darasani unasikia maneno lakini hayaingii, kwamba unaamka umechoka kuliko ulivyolala, kwamba unaogopa kubaki peke yako chumbani.

Ile ya ndege iliniambia nitabasamu, kesho ni siku mpya. Ile ya maswali ilitaka kujua umri wangu na idara yangu. Ile ya kijivu ilinipa pole, ikaniuliza kama niko salama wakati huo, na kama ninakubali mshauri anipigie. Nikabonyeza ndiyo. Muuguzi hajamaliza chai yake, simu yangu ikaita.

Alikuwa mshauri wetu. Aliniuliza niko wapi na kama nina mtu karibu. Nilitoka nje ya chumba, nikamwambia ni majaribio tu, nimekosea akaunti, anisamehe. Akasema maneno yale hayafanani na ya kubuni. Hapo nikalia, dada yako mzima, nimeegemea rafu ya magazeti ya zamani pale koridoni. Nikamweleza yote. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mwenye maneno yupo hai. Nikasema yupo, anatengeneza majokofu na ana mapacha. Nilimsikia akishusha pumzi. Akasema basi bado naweza kumjibu.

Kamati ilichagua ile ya kijivu bila ubishi. Mwalimu aliomba tu itiwe rangi kidogo. Kiongozi wa wanafunzi alitaka jina la mtu lisifike ofisini bila yeye mwenyewe kukubali, nasi sote tukaunga mkono.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Wewe unakumbuka nilichokujibu wakati ule: jikaze, acha kudeka. Usichokijua ni kwamba uliporudi nyumbani na begi lako, chuo umekiacha, mama aliniuliza kama uliwahi kuniandikia chochote. Nilisema hapana. Niliona aibu ya jibu langu, nikaificha barua. Kwa hiyo mama akakuita mvivu mwaka mzima, nami nilikuwa nimekaa palepale mezani nikila. Nilikukosea, Fundi. Nisamehe, na kama leo huwezi, si lazima iwe leo.

Jumapili nilimsomea mama barua yako yote. Kisha akaniambia maneno ninayostahili, ambayo sitayaandika hapa. Baadaye alifuta macho, akasema kumbe mwanangu alikuwa anaumwa, na akataka simu akupigie papo hapo. Nimemwomba asubiri barua hii ikufikie kwanza. Subira yake unaijua, kwa hiyo usikawie kuisoma. Nimelala vizuri tangu siku ile.

Wasalimie wifi na watoto. Hapa chini nimeandika lile jibu, kama nilivyopaswa kuliandika siku niliyopata barua yako.

Mdogo wangu, barua yako nimeipata. Pole sana. Usibaki peke yako humo chumbani, kaa na mwenzako yeyote mpaka kesho. Nakuja kukuchukua.

Dada yako.