Koti la Msiba

Dada Hadija, shikamoo.

Mgongo umepoa? Alizeti mmeshavuna? Mimi mzima. Huku Korogwe nakata mkonge, miba ni ileile. Barua anakuletea Juma, ninayekata naye. Kwenye simu haya maneno yangenishinda.

Mwanangu Rukia anasema nimekasirikia mimba yake. Si kweli. Sipokei simu zake kwa sababu naogopa nitaambiwa amekufa kama mama yake, akiwa na uchungu njiani, kabla ya kufika hospitali.

Juzi walikuja watu wa afya kambini na karatasi ya maswali. Binti mmoja akaniuliza jambo baya linanijia kichwani mara ngapi. Halinijii, mara chache, mara nyingi, au kila siku?

Nikamwambia, "Mke wangu alishakufa zamani."

"Siulizi lililopita, baba. Nauliza ambalo halijatokea."

"Halijatokea, utalipimaje?"

"Simu ya nyumbani ikiita, unafanya nini?"

Juma akadakia, "Huyu? Anavaa koti, halafu hapokei! Begi limefungwa muda wote kama la kondakta."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini ni kweli, dada. Tangu uniambie Rukia ana mimba, koti langu la msiba linakaa juu kwenye begi.

Binti hakucheka. Alijumlisha majibu yangu, akasema hofu iko juu. Si wazimu, akasema. "Ila baba, unamzika mtu anayekupigia simu."

Jana nikapokea. Rukia akasema, "Shikamoo baba. Kumbe upo!" Nikasema nipo. Akasema mtoto anapiga mateke. Nikakata simu. Mwambie haikuwa hasira.

Sasa sikia. Asingojee uchungu hapo Ilongero. Siku zikikaribia mpeleke Mwankoko kwa mama yake mdogo, hospitali iko karibu. Bodaboda na uchungu sitaki tena. Msimamizi ameniruhusu. Nakuja kabla hajajifungua.

Koti analo Juma. Mpe shemeji, avae msikitini. Kwenye begi nimeweka khanga mbili za kumbebea mtoto.

Bado naogopa. Ila nitaogopa nikiwa hapo hapo, mlangoni.

Msalimie shemeji, mama mdogo wa Rukia, na yule bibi jirani anayekuazima kinu. Rukia mwambie apige tena. Napokea.

Mdogo wako Ramadhani,
babu wa huyo anayepiga mateke.