Noti ya Paji la Uso

Erdington, Birmingham
12 Oktoba 2025

Mdogo wangu mpendwa Israël,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, dada yako Léocadie, na kutoka kwa wote wa nyumba hii. U hali gani huko Norwe? Baridi imeshaanza kuuma, au bado mnajidai kuwa hiyo ndiyo hewa safi? Sisi huku tunapumua. Junior wangu anakaribia kugonga kichwa mlangoni kwa urefu, na nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, halafu anashangaa kwa nini namkodolea macho. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unakaa wiki nzima bila kufunguliwa. Barua angalau haina kitufe cha kuizima.

Mama amelazwa hospitali, kule Edgbaston, wiki ya pili sasa. Moyo wake umechoka. Daktari anasema wamemwahi, lakini anasema pia tusimwache peke yake, na wewe unajua daktari anapoongea hivyo anamaanisha nini. Nakusihi usiikunje barua hapa. Najua uliapa kwamba hutaki kusikia habari zake. Soma mpaka mwisho, halafu uamue.

Kwanza nikupe pole ya bendi. Torgeir, yule mwimbaji wenu mwenye ndevu, aliniandikia kwamba Skoddefall imevunjika. Anasema tangu uondoke walijaribu mtu mwingine kwenye kinanda, fundi kabisa, ila vidole vyake havina huzuni. Wakatoa albamu ya nne, haikufika popote. Niliumia, Israël, wala sikutanii. Nakumbuka uliponiambia kwamba wewe na vijana watatu wa Førde mnapiga muziki wa black metal kwenye gereji ya baba yake Torgeir, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtoto wa kwaya ya kambi ya Nyarugusu! Mjomba alikuchukua kambini kukupeleka Norwe ukasome, nasi tukaletwa huku, kumbe umeenda kupiga kelele za wazungu. Halafu ukanitumia picha ya albamu ya kwanza, wote wanne mmejipaka nyuso nyeupe na macho meusi kama watu waliofukuliwa, nikakuuliza wewe ni yupi. Ulinuna siku mbili. Lakini kweli sikukujua.

Albamu ya pili ikawapeleka Ujerumani, ya tatu ikawapeleka kila mahali, na kuna mwandishi aliyesema kwamba bila kile kinanda Skoddefall ni ngoma na mayowe tu. Maneno hayo niliyachapisha nikayabandika kwenye friji. Mama akayabandua. Kwake yeye ule ulikuwa muziki wa shetani, basi. Alifunga, akaomba, na kila Jumapili kanisani jina lako lilitajwa mara tu baada ya wagonjwa.

Mlipokuja kupiga hapa Birmingham, mwaka ule wa 2022, ulinitumia tiketi mbili. Nilimwambia Mama nikitegemea matusi. Badala yake akasema atakwenda. Alivaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba juu, akatia kichupa cha mafuta ya upako mkobani, akaniambia waziwazi kwamba akimwona pepo pale atamkemea palepale. Nami kwa upumbavu wangu nikakuandikia kwa mzaha ujiandae, Mama anakuja na mafuta. Laiti ningejua mzaha ule ungetufikisha wapi.

Kilichotokea ukumbini kule Digbeth mimi nilikiona kama ulivyokiona wewe. Nilikuwa nyuma, nimekumbatia makoti yetu. Mama alipenya katikati ya wale vijana wenye nywele ndefu, nao wakampisha kwa adabu kabisa, mpaka akafika kwenye vyuma vya kuzuia watu mbele ya jukwaa. Mlikuwa katikati ya ule wimbo mrefu. Nikaona mkono wake umeinuka kuelekea kwako, anasukuma, anataka kupita. Kisha mlinzi akamshika akamtoa nje. Nilimfuata mbio. Usiku huo ukaniandikia kwamba amekuja kukutoa pepo mbele ya watu wako, kwamba amekuaibisha na huna mama tena. Haukupita mwezi ukaacha bendi, ukaenda kufunga samaki kiwandani.

Mimi nilikuwa upande wako. Kwenye treni nilimlaumu Mama kuanzia New Street mpaka Erdington, na miaka mitatu hii nimeendelea kumlaumu kila ulipokataa kupokea simu. Hakujitetea hata mara moja. Nilidhani ni kiburi.

Jumanne iliyopita nesi alitaka kumbadilisha nguo. Mama alikubali kuvuliwa kitenge, lakini pembe moja iliyofungwa fundo aliing'ang'ania kama mtoto. Nikaifungua mimi. Ndani mlikuwa na noti ya pauni ishirini, zile za karatasi za zamani, imekunjwa mara moja. Nikamuuliza ni ya nini. Akageuza uso ukutani. Akasema ni yako.

Israël, unaukumbuka ule wimbo Mama alioutunga kambini tulipomzika Baba? Ule ambao kwaya iliuimba mpaka betri ya kinanda ikaisha, nawe ukaendelea kubonyeza vitufe visivyotoa sauti? Uliutia ndani ya ule wimbo wenu mrefu. Mimi sikuugundua, ngoma zilikuwa zimenijaa masikioni. Mama aliugundua kwa noti tatu za kwanza. Mafuta hayakutoka mkobani. Akasahau pepo, akasahau tuko Digbeth, akafanya kile ambacho kila mama wa kwaya yetu angefanya mwanawe akipiga hivyo: akatoa noti aende kukutuza, akubandikie kwenye paji la uso. Unajua mwenyewe alivyokuwa kule kambini. Akikosa hela alikuwekea kipande cha sabuni juu ya kinanda, watu wakapiga vigelegele. Hakujua kwamba huku mbele ya jukwaa hapapitwi. Na wewe, taa zikikuchoma macho, uliuona mkono tu.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Maneno yake nakuandikia kama yalivyotoka: “Ule mulinzi alinikamata mukono sawa mwizi, Léo. Na mutoto aliniona. Aliniona, akainamisha macho. Nikasema, bon, anasikia haya juu yangu.”

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wewe ulidhani amekuja kukuaibisha, yeye akadhani umemwonea aibu, na mimi niliyekaa katikati nikawachochea wote wawili. Nimelia kwenye basi, nimelia kazini, mpaka meneja akanipa chai bila kuuliza. Bendi imekufa kwa jambo ambalo mtu mmoja angeuliza swali moja lingekwisha. Sijui kama Torgeir na wenzake wanaweza kurudi pamoja. Hilo siwezi kulirekebisha.

Nilimwambia Mama kwamba maduka yameacha kuzipokea noti hizo, anipe niende benki nimbadilishie. Akanipokonya. Akasema hakuitoa kwa ajili ya duka. Akaifunga tena kwenye fundo lake, na sasa kila mlango wa wodi ukifunguliwa anainua kichwa.

Njoo, mdogo wangu. Usijisumbue na zawadi wala samaki. Lete paji lako la uso.

Junior anakusalimu, na Mama Fortunée wa kwaya anauliza habari zako kila Jumapili. Msalimie Mjomba na watu wake. Mungu akufunike huko uliko.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Léocadie